Bafu ya Matroni

Najua, najua. Waliosoma wameshanyoosha kidole: ni bafu la, siyo bafu ya. Mimi ndiye wa kwanza kulijua hilo. Babu yangu alikuja Iringa kutoka pwani na marobota yake ya kanga na Kiswahili chake kilichonyooka, na nyumbani kwetu mtoto aliyesema "bafu yangu" aliulizwa kama amelelewa porini. Lakini bafu ninayotaka kuieleza haikukubali kusahihishwa. Mwenyewe aliiita "bafu yangu" tangu ikiwa maneno matupu, na siku niliyomwambia, "Matroni, sema bafu langu," alinitazama kwa huruma, akajibu, "Ya kwako iko kwako, Mswahili. Hii ni yangu."

Sasa yeye hayupo na bafu ipo. Nimeamua kuiacha na sarufi yake, maana kuisahihisha leo, wakati mwenyewe hayupo kunijibu, ni uoga tu.

Mtaa wetu wa Kihesa mzima tulimwita Matroni. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini ukilitumia kuulizia nyumba yake, bodaboda wangekuzungusha kutwa. Alikuwa matroni wa bweni kwenye shule moja ya wasichana kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi kwenye nyumba yake iliyopakana na yangu. Kati yetu kulikuwa na ua wa michongoma ambao kila mmoja alidai ni wa mwenzake ulipofika wakati wa kuupunguza. Alikuwa mfupi, mpana wa kifua, sweta juu ya gauni, kitenge juu ya sweta, na kofia ya sufi iliyoshuka hadi kwenye nyusi mwaka mzima. Shingoni alining'iniza kifungu cha funguo. Nilipomuuliza zinafungua nini alisema hazifungui kitu tena, ila bila uzito wake anajiona kama hajavaa.

Salamu yake ilikuwa moja. "Kamwene!" angeita asubuhi kutoka upande wake wa michongoma, na kabla sijamaliza kuitikia, "Umeoga?" Alimuuliza kila mtu. Alimuuliza muuza maziwa, alimuuliza mwenyekiti wa mtaa aliyekuja kuomba kura, na kwenye harusi moja nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe akimuuliza mchungaji wake, mtu mzima mwenye mvi, naye akajibu "Ndiyo, Matroni" kama mtoto wa darasa la pili. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kumuuliza, naye nitamfikia.

Wasichana wake wa zamani, ambao sasa ni wanawake wenye wajukuu, walikuwa wakija kumsalimia na kunisimulia mambo yake akiwa jikoni hasikii. Kuna kiangazi bomba la shule lilikauka, na mkuu wa shule akatangaza kwamba wasichana waoge mara moja kwa wiki, tena mtoni. Nyumba ya mkuu mwenyewe ilikuwa na tangi, na tangi lilikuwa limejaa. Matroni hakubishana naye. Kesho yake asubuhi aliwapanga wasichana mstari mmoja, kila mmoja na ndoo yake na taulo begani, akawaongoza wakiimba tenzi hadi mlangoni kwa mkuu, akapiga hodi. Mkuu akafungua na mswaki mdomoni. "Tumekuja kuoga," Matroni akasema. Na walioga. Wiki ileile bomba likatengenezwa, na Matroni akahamishiwa bweni baya kuliko yote pale shuleni. Wanasema alikwenda huko na godoro lake kichwani, akiimba tenzi ileile.

Wasichana haohao aliwaamsha alfajiri, baridi ya Iringa ikiwa imekaza, akawaogesha maji ya baridi kwa maelezo kwamba yanajenga tabia. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akigusa maji yasiyotoa mvuke. Nilipomkumbusha hilo alisema tabia yake ilishajengwa na kupigwa rangi.

Basi, bafu na choo chake mwenyewe vilikuwa nje, nyuma ya nyumba, chini ya ngazi za mawe, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za zamani za mtaani kwetu zilizojengwa kwenye mteremko. Masika moja ngazi zikaota ukungu wa kijani, Matroni akateleza na ndoo yake, goti likavimba kama boga. Mimi ndiye niliyemwokota. Nilimkuta amekaa kwenye matope akiitukana ngazi kwa Kihehe, na maneno mengine kama hayo sijayasikia tena.

Binti yake, mtoto pekee, ameolewa Mbeya. Alikuja, akalitazama goti, akazitazama ngazi, akaamua palepale: mama anahamia Mbeya, nyumba inapangishwa.

"Mbeya nako baridi," Matroni akasema.

"Lakini choo kiko ndani, mama."

"Wanakitumia akina nani?"

"Sisi wote."

"Na mume wako?"

"Mama, nyumba ni yake, sasa akajisaidie wapi?"

Matroni akanigeukia mimi kama vile ndiye niliyependekeza. "Umesikia, Mswahili? Niingie bafuni nikute sabuni ya mkwe wangu bado ina povu?"

Kwa wasiojua, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huku kwetu ni watu wanaoheshimiana hadi karibu wasionane. Na huyu mkwe mwenyewe alikuwa Mnyakyusa, mfanyabiashara wa mchele, bonge la mtu, mpole, ambaye kwao heshima ya ukwe siyo mchezo. Kwa miaka yote niliyowafahamu hawakuwahi kusemeshana ana kwa ana. Waliongea kupitia mtu wa tatu, na kwa sababu nilikuwa karibu, mtu huyo alikuwa mimi. "Mswahili, mwambie mgeni chai ipo," Matroni angesema, akiangalia dirishani. Naye mkwe, aliyekuwa amesikia kila neno, angengoja nimwambie, kisha akaangalia viatu vyake na kusema, "Dada, mwambie mama nashukuru, ndaga fijo." Nami nimekaa katikati kama mnara wa simu. Nisipokuwepo mimi walimtumia paka. Miaka yote alimwita mgeni, wala hakuwahi kumuuliza kama ameoga. Huyo ndiye mtu mmoja niliyemsema.

"Hayo mambo ya zamani, mama," binti akasema.

"Mwacha asili ni mtumwa," Matroni akajibu.

Hapo nilicheka, akaniona. Maana huyu huyu mtetezi wa asili alikuwa akinywa pombe ya ulanzi kwenye kilabu amekaa benchi la wanaume, na ananyoosha kikombe aongezwe kabla yao. Huyu huyu, mumewe alipofariki na wazee wa ukoo wakaja kumweleza habari ya kurithiwa, aliwasikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, akaingia ndani kama anayekwenda kuleta pombe, akatoka na ndoo ya maji akawamwagia. Asili kwake ilikuwa kama mwavuli. Aliufungua mvua ilipomnyeshea yeye.

Lakini nami naomba niseme langu waziwazi. Kumtoa mtu mzima kwenye nyumba yake kwa sababu ya goti ni wizi, hata kama mwizi analia na anamwita mama. Kama mwavuli wa asili ndio uliokuwa karibu, alikuwa na haki ya kuufungua.

Walivutana siku nzima, jioni wakaafikiana. Matroni atajenga bafu na choo ndani ya nyumba yake, kwenye kachumba kadogo kaliko ubavuni mwa sebule. Baridi ya mwezi wa sita ikifika hajamaliza, gari litakuja kumchukua, na ufunguo wa nyumba atapewa mpangaji. Matroni alikubali harakaharaka. Binti alikubali kwa sababu aliamini hataweza. Mimi pia niliamini hataweza, kwa sababu nawajua mafundi.

Tulianza na choo chenyewe. Enzi zake za bweni Matroni alifundisha kwamba choo cha kukaa ni cha wavivu na wagonjwa. Sasa goti lilikuwa limekataa kuchuchumaa, na yeye alikataa kuitwa mgonjwa, kwa hiyo tulikwenda mjini akiwa amenuna tangu nyumbani. Dukani vyoo vilikuwa vimepangwa nje, barazani, mbele ya wapita njia wote. Matroni akavikalia kimoja baada ya kingine, kitenge chake kakikunja vizuri, anaegemea nyuma, anainuka, anapiga goti kofi kuliuliza linasemaje. Watu wakaanza kusimama. Mwenye duka akasema, "Mama, hivi havijaribiwi." Akamjibu, "Kiti unajaribu, kiatu unajaribu, hiki nitakachokalia hadi kufa nisijaribu?" Tulichukua cha mwishoni kabisa, kirefu kuliko vyote, na barabara nzima ikawa inajua.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mazuri na mikono mizuri, tatizo lilikuwa kuvikutanisha viwili hivyo na siku ya kazi. Alivunja sakafu ya kile kachumba, akachimba mtaro wa mabomba kutoka ndani hadi nje, akauacha wazi, akapotea. Simu ikawa haipatikani. Wiki ya pili akapatikana, sauti imelegea: amefiwa na mjomba wake, yuko msibani Kilolo, atarudi matanga yakiisha.

Mtu mwingine angetoa pole na kungoja. Matroni alitoa pole, kisha akafunga unga kwenye kiroba, akavaa kitenge cha msiba, akanichukua twende Kilolo kuhani. Nilimuuliza goti linalomkataza kushuka ngazi za nyuma ya nyumba litafikaje Kilolo. Akasema goti halijawahi kukataa msiba.

Tulishuka kwenye basi, tukaulizia kwa huyo mjomba, tukaelekezwa. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na kilio. Tukamkuta marehemu shambani kwake, amekunja suruali, anachimba viazi. Alitupokea vizuri sana. Matroni akamkabidhi unga wa rambirambi bila kucheka, tukala viazi vya moto vya marehemu na chumvi, tukapewa na vingine vya kubeba, tukarudi. Kesho yake fundi alipopokea simu, Matroni alimwambia hivi tu: "Mjomba wako anakusalimu. Kaburini kwake viazi vimekubali." Fundi alifika kabla ya saa sita mchana na hakupotea tena. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ya Kilolo ilikuwa na kona nyingi, na baadaye goti lilimlaza Matroni siku mbili. Aliapa halikuwa goti, ni viazi.

Akaja mkwe na pikapu lake la mchele, na safari hii alikuwa ameleta pia marumaru, zawadi ya binti kwa ajili ya sakafu ya bafu. Zilikuwa nyeupe, zinang'aa, unajiona meno ukiinama. Fundi alifurahi hadi akazipangusa kwa shati lake. Matroni alimwaga kikombe cha maji juu ya moja, akakanyaga kwa kidole gumba, akarudisha mguu.

"Weka saruji. Uikwaruze na ufagio wakati bado mbichi."

"Matroni, watu watanicheka. Bafu ya kisasa sakafu ya zizi?"

"Watakaocheka wataoga kwao. Sakafu ya kung'aa ni ya benki, watu wanaingia na viatu."

"Lakini hizi imeshanunuliwa, mama. Itaenda wapi?"

Zilikwenda kwenye banda la kuku. Alimsimamia fundi mpaka ya mwisho ikakaa, na tangu siku hiyo kuku wa Matroni walitaga kwenye marumaru nyeupe, wanateleza wakikimbilia pumba, na yeye akiwatazama anasema angalau hawa wameolewa Mbeya. Nilimuuliza Matroni, binti ataambiwaje. Akasema mwambie zinatumika, na si uongo.

Saruji ilipokauka alimwaga ndoo nzima katikati ya bafu akasimama kuangalia. Maji yalizunguka kidogo, yakafikiri, halafu yakauacha mfereji kushoto kwao na kutokea mlangoni, taratibu, hadi koridoni, hadi chumbani kwake chini ya kitanda. Matroni akayafuata nyuma na fimbo yake. Fundi naye akamfuata, anasema ni mteremko umekosea kidogo tu, haraka haraka haina baraka. "Wewe na haraka mlijuana lini?" Matroni akamuuliza. Sakafu ikavunjwa, ikamwagwa upya. Kisha maji ya mtaa yakakatika siku ambayo bomba lilikuwa liunganishwe. Kisha mlango ukaletwa, ukawa mkubwa kuliko fremu. Wakati huo ukungu wa asubuhi ulishaanza kukaa hadi saa nne, na binti alikuwa anapiga simu kila jioni kuuliza, kwa sauti ya upole mno, "Mama, umefikia wapi?" Matroni alikuwa anaijibu simu hiyo akiwa amekaa juu ya choo chake ambacho bado hakijaungwa maji, katikati ya vumbi, kama mkuu wa wilaya ofisini. "Nimefika," anasema, anakata.

Na kweli alifika. Nasema kweli, nilitokwa na machozi siku bomba la mvua lilipomwaga maji ya moto kwa mara ya kwanza, na Matroni akanifukuza kwa sababu alitaka kulia yeye na hakutaka shahidi.

Gari lilikuja Juni kama ilivyosemwa. Binti akakagua kila kitu, akafungua, akafunga, akavuta maji, hakukuta kasoro. Tukakaa sebuleni, binti, mkwe na mimi, tunangoja chai. Matroni akasema anaingia mara moja kunawa, kuonyesha tu kwamba mlango unafungika.

Ukuta uliotenganisha bafu na sebule ulikuwa wa tofali moja. Tulisikia ufunguo. Tulisikia ndala kwenye saruji. Tulisikia gauni. Halafu tukasikia na mengine, kila kitu, kama vile anafanyia mapajani mwetu. Mkwe alisimama ghafla, akasema anakwenda kuangalia tairi, akatoka, na nilipochungulia dirishani nilimwona amesimama mbele ya gari, mgongo kwetu, mikono nyuma, haangalii tairi lolote.

Matroni alipotoka na kukuta kiti cha mkwe kitupu, alielewa. Sijawahi kumwona ameanguka vile, hata siku ile ya matope. Mahali popote pengine duniani fundi akiweka ukuta mwembamba ni kelele tu. Kwetu alikuwa amejenga bafu ambayo mwenyewe hawezi kuiingia kila mkwe anapokuja, na mkwe ndiye aliyekuwa analeta chakula, dawa na binti.

"Unaona, mama?" binti akasema, na hakusema kwa ubaya. "Umejenga kitu usichoweza kutumia. Twende tu."

"Mnalala leo," Matroni akasema. "Kesho tutaongea."

Asubuhi aliniita kupitia michongoma, wala hakuuliza kama nimeoga. Nilimkuta na fundi wanahamisha mahindi. Stoo ya Matroni ilikuwa fahari yake. Alikuwa anasema nyumba isiyo na mahindi ni kibanda cha tiketi. Sasa magunia yote yalikuwa yanatoka stoo na kuja sebuleni, yanapangwa kwenye ukuta ule, moja juu ya jingine, hadi karibu na dari. Viti viwili vya wageni vilitupwa nje kupisha. Juu ya magunia akatandika vitambaa vyake vya kufuma, vile vya sikukuu.

Binti alitoka chumbani akashika mdomo. "Mama, sebuleni? Magunia?"

"Yamenisomesha na yamekusomesha wewe. Leo niyaonee aibu kukaa nayo?"

Kisha akaingia bafuni, mimi nikaachwa sebuleni nisikilize. Nikatega sikio. Kimya. Halafu, kwa mbali sana, sauti ikapazwa, "Mswahili! Unanisikia?"

"Sikusikii!" nikajibu.

"Sasa umejibu nini?"

Binti alicheka kwanza, na akishacheka huyo habari imekwisha. Nje mkwe naye alikuwa anacheka, ingawa aliinamia tairi ili isijulikane. Waliondoka mchana, pikapu likiwa na nafasi tupu pale mizigo ya Matroni ilipokuwa ikae, na yeye akawapungia kifungu cha funguo.

Ikawa hivyo kwa miaka. Wageni wa Matroni walikaa kando ya magunia. Mchungaji alibatiza mtoto sebuleni mle ameegemea mahindi. Baada ya mavuno ukuta ulikuwa mnene na bafu ilikuwa bubu, halafu miezi ikienda, gunia kwa gunia likienda mashineni, sauti ilianza kurudi, kwanza maji, kisha ndala. Mtu mwenye masikio angeweza kujua mwezi kwa kukaa kwenye sebule ile. Mimi nilizoea. Mkwe alijipanga kuja baada ya mavuno, na hakuna aliyemwambia.

Ila kuna mwaka mmoja hakuweza kuchagua. Ilikuwa Machi, akiba iko ukingoni, na Matroni alikuwa ametoka hospitali, kifua na presha, amekonda hadi funguo zinamzidi uzito. Binti alikuja na mumewe na safari hii hakuja kujadiliana. Nilipofika, begi la mama yake lilikuwa limeshafungwa, limewekwa karibu na mlango. Niliitwa ili nisaidie kumbembeleza. Nilikwenda, na nilikwenda kumtetea, ila nilipomwona amekaa pale, mdogo, kofia imemeza uso, nikakaa tu kando ya begi. Nilijua akipanda gari lile harudi, na alijua kwamba najua.

Alilitazama begi muda mrefu. "Ngoja nioge kwanza," akasema. "Mimi sisafiri bila kuoga."

Akaenda na fimbo yake. Kwenye ukuta yalikuwa yamebaki magunia mawili, chini kabisa, nusunusu. Tulisikia ufunguo. Tulisikia fimbo ikiwekwa kando, kikohozi, gauni, mkono unaotafuta ukuta, na pumzi ya mtu anayekaa kwa shida. Halafu maji. Halafu, chini ya maji, akaanza tenzi, sauti imepasuka lakini hairudi nyuma. Binti alikuwa anaangalia sakafu na machozi yanamdondoka. Mkwe akasimama, akatoka.

"Kama siku ile," binti akasema.

Haikuwa kama siku ile. Tulisikia mlango wa nyuma wa pikapu ukishushwa, halafu akaingia ameinama, gunia la mchele begani, akaliweka ukutani, akalisukuma kwa goti likakaa. Akatoka, akarudi na jingine.

"Baba Neema! Mchele wa wateja huo!" binti akamwambia mumewe.

"Wateja watapata mwingine. Sogeza hicho kiti."

Akaendelea. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye shingo na shati limeganda mgongoni. Kila gunia lililokaa, tenzi ilisogea mbali kidogo. Ubeti wa pili tuliusikia nusu. Wa tatu ukawa mvumo tu, na lilipokaa gunia la mwisho, karibu na dari, hatukusikia kitu, tulikuwa watatu tu sebuleni na pumzi za mtu aliyebeba mizigo. Mkwe akakaa, macho kwenye viatu vyake. Binti alikuwa ameacha kulia.

Matroni alitoka na mvuke nyuma yake, kitenge kimefungwa vizuri, funguo shingoni. Akasimama. Akaanza kuuangalia ukuta kutoka chini, gunia baada ya gunia, mpaka juu, wala hakugeuza uso upande alipokaa mkwe.

"Dada," mkwe akasema kwa sauti ya chini, "mwambie mama, yakipungua anitumie salamu."

Sikuwa na haja ya kumwambia, lakini nilimwambia. 

"Sasa, mama," binti akauliza, "tunaondoka au hatuondoki?"

"Ninyi mtaondoka, mna kwenu. Mimi nina bafu yangu."

Akalivuta begi kwa ncha ya fimbo kuelekea chumbani kwake, kidogo kidogo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mlangoni akasimama, mgongo bado kwetu.

"Mswahili."

"Abee."

"Muulize mwanangu, ameoga?"